Mstari Kwenye Majivu

Bashiri aliendesha lori la Mzee Mwinjuma kwa miaka minane, na katika miaka yote hiyo alimdanganya tajiri wake mara moja tu. Bahati mbaya uongo wenyewe sasa ulikuwa umelala uani, juu ya magogo mawili, kwa sura ya injini iliyofunguliwa nati zote.

Ilikuwa hivi. Alikuwa akipanda mlima kutoka Mtowisa, lori limejaa mpunga, mkanda wa feni ukakatika. Kila dereva wa Ufipa aliijua sheria ya mlima ule: injini ikichemka, zima, kaa kivulini, ngoja mpaka uweze kulaza kiganja juu yake, ndipo utie maji. Lakini kwenye kona za chini lilisikika lori la tajiri mwingine likinguruma, na Bashiri hakuwa mtu wa kupitwa. Akafunga kamba ya ngozi badala ya mkanda, akachota maji ya kijito, baridi ya kuuma meno, akayamimina. Ndani ya injini kukasikika mlio, ta, mara moja. Kufika Sumbawanga alifika, lakini akivutwa na lori lilelile alilokuwa akilikimbia.

Mwinjuma alipomuuliza kama alingoja injini ipoe, alijibu, "Nilingoja, Mzee. Nilingoja sana."

Sasa palikuwa na shauri la kukata. Kichwa cha injini kilikuwa kimeharibika, hilo halikuwa na ubishi. Kama ni kichwa tu, kingine kingeletwa kutoka Mbeya na kufungwa kabla ya mvua. Lakini kama na bloku imepasuka, yaani mwili wenyewe wa injini, hapakuwa na la kutengeneza. Ingeagizwa injini nzima kutoka pwani, lori lilale masika yote, na dereva aliyeiua ile ya kwanza asahau usukani. Bashiri aliikagua bloku kwa taa na kwa kucha, asione kitu. Akasema ni nzima, na Mungu anajua alivyotaka iwe nzima.

"Tumwite Mzee Zenon wa Kasense," Mwinjuma akasema.

Bashiri nusura acheke. Mzee Zenon alikuwa mfua majembe. Ujanani mwake alifanya kazi kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyeyushia chuma kabla majembe ya dukani hayajafika. Mtu huyo hata baiskeli hakuwa nayo, leo aje kuipima injini!

Alikuja asubuhi na mfuko wa ngozi begani, akavua ndala langoni. Bashiri akamwamkia shikamoo, naye akaitikia bila kuondoa macho kwenye chuma. Akaizunguka injini mara mbili bila kuigusa.

"Sisi tulipowasha tanuru," akasema, "hakuna aliyetia mkaa akiwa na neno moyoni. Aliyegombana na mkewe alisema. Aliyeiba alisema. Mmoja akificha, tulipata mavi ya chuma matupu, takataka isiyofulika. Haya, nani alikuwa na chuma hiki kilipoumia?"

"Mimi, Mzee."

"Sema."

Bashiri akasimulia habari ya mkanda, akaishia hapo. Mzee akakigonga kichwa cha injini kwa kijinyundo. Kikatoa mlio mfupi, kama chungu chenye ufa. "Hiki kimekufa," akasema. Akaigonga bloku mahali pawili, ikalia vizuri.

"Basi ni kichwa tu," akasema Mwinjuma, uso ukimfunguka. "Leo hii napeleka simu Mbeya."

Mzee Zenon akachuchumaa. "Chuma hiki ni kikubwa. Nisipoambiwa kiliumiaje, nitagonga mpaka kesho na palipoumia nisipafikie." Hakumkazia Bashiri macho. Alingoja tu.

Bashiri alikuwa ameshapona. Kunyamaza tu kulitosha. Lakini akaziona akilini kona za mlima ule, lori limejaa, watu wamekaa juu ya magunia.

"Sikungoja," akasema. "Nilimimina maji ya kijito injini ikitokota. Ikalia ta."

Mzee akauliza, "Maji yaliingilia wapi?" Bashiri akamwonyesha njia ya maji kwa kidole, ubavuni mwa bloku.

Mzee akapapaka mafuta ya taa, akakaa kidogo, akapafuta mpaka pakakauka kabisa. Kisha akatoa mfukoni majivu laini ya mabua ya ulezi, akayapuliza kutoka kiganjani. Chuma kikawa cheupe. Wakangoja. Na katika weupe ule, bila mkono wa mtu, ukaanza kujichora mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Ukatambaa polepole, ukapita tundu la bolti, ukapita la pili, ukashuka chini usikofika mwanga. Bashiri alijikuta amepiga magoti. Mahali palepale alikuwa amepitisha kucha mara kumi. Mwili ulimsisimka kwa hofu na furaha pamoja, akashangaa hata akasahau kwamba mstari ule ulikuwa unamfukuza kazi.

"Mafuta yalijificha ndani ya ufa, majivu yanayavuta," Mzee akaeleza, kama anayefundisha kusonga ugali. "Baba yangu alitumia ya nyonyo."

"Na tungefunga kichwa kipya?" Mwinjuma akauliza.

"Ingekwenda wiki, labda mbili. Kisha ingewafia mlimani na mzigo."

Mwinjuma akavua kofia, akaivaa tena. "Injini nzima, basi." Akamgeukia Bashiri. Bashiri akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya gogo, maana hakuthubutu kumpa mkononi.

"Wiki tatu umenidanganya."

"Ndiyo, Mzee."

"Na leo ulikuwa umeshaokoka."

"Ndiyo, Mzee."

Mwinjuma akautazama ule mstari. "Masika yote huna lori," akasema. "Nenda Kasense, Mzee akikukubali, ukajifunze kusikiliza chuma. Injini ikija, utaifunga wewe."

Mzee Zenon alikuwa akikusanya vitu vyake. "Aje," akasema. "Ila kwangu, kila asubuhi atasema kwanza, ndipo ashike nyundo."