Malkia Ambaye Hakuliwa

Mwezi wa tano wa kutengwa kwake, Marieta alikuwa amecheza michezo elfu moja mia tisa ya chesi kwenye simu, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemgusa mkono.

Mwanawe Hermani alikufa kwa kichomi mwezi wa tatu wa mwaka huo, akiwa na umri wa miezi saba, bado ananyonya. Kwa Wairaqw wa kijiji kile cha juu ya Balangdalalu, kifo cha namna hiyo humwachia mama metimani, unajisi wa msiba, ambao wazee husema unaweza kumhamia mwingine kwa kushikana mkono, kwa chombo, hata kwa kaa la moto lililotoka jiko moja. Kwa hiyo alihamishiwa kijumba cha peke yake mwisho wa shamba la mahindi, akae huko mwaka mzima au mpaka wazee waseme basi. Mumewe, Sulle, alikuwa ameondoka kwenda machimboni Mirerani wiki tatu baada ya mazishi. Mama mkwe wake, Mectilda, alimletea chakula kila siku, akakiweka juu ya kisiki, akaita mara moja, akarudi nyuma hatua kumi kabla ya kuuliza ameamkaje. Hakuwa na ubaya naye. Hata katekista alikuja kumwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, Kristo ameyamaliza, na alimwambia hivyo akiwa amesimama ng'ambo ya ua wa minyaa.

Simu peke yake haikujua lolote. Sulle alimwachia kipande cha sola, na Vitalis, kaka wa Marieta, alimtumia bando kila Jumatatu kutoka Mbulu. Chesi aliifahamu tangu sekondari, alikofundishwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa huko kutoka Kagera. Kwa hiyo alijiandikisha kwa jina la Nyuki, akaanza kucheza michezo ya dakika tatu na watu asiowajua.

Mwanzoni alicheza kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, mikono na miguu vyote vikienda mbele. Hatua ya tatu malkia wake alikuwa tayari yuko nje, hatua ya kumi na tano ameshaliwa. Akipigwa, alianza mchezo mwingine kabla hajameza mate. Alicheza hivyo wiki sita na alama zake hazikupanda, na wala hakujali, maana alichokuwa akikitafuta ni dakika tatu ambazo ndani yake hakuna mtoto anayekohoa.

Kilichombadilisha ni mpinzani mmoja. Bendera yake ilikuwa ya Tanzania, jina lake MlimaHanang, na yeye Marieta alimpa jina la Fisi, kwa sababu alikula kila kilicholika. Ukimwekea askari katikati ya ubao, anakula. Ukiweka farasi panapofikiwa na farasi wake, anakula. Alikuwa anabadilishana kete mpaka ubao unabaki mweupe, wafalme wawili na askari watatu, halafu anahesabu hatua kama mtu anayehesabu misumari, na anashinda. Michezo arobaini ya kwanza alimpiga thelathini na sita.

"Kaka Nyuki, leo umekula ugali wa nini?" Fisi alimwandikia siku moja. "Mbona umelegea?"

"Ngoja nimalize kutafuna, ndugu yangu Fisi. Zamu yako inakuja."

Alicheka mwenyewe mbele ya kijumba, na sauti yake ikamshtua.

Ndipo akaanza kujifunza kweli. Alichagua namna mbili tu za kuanza mchezo, akazirudia mpaka hatua kumi za mwanzo zikawa zinamgharimu sekunde tano. Kwa kuwa mtandao pale kilimani ulikatika ovyo, alijizoeza kubakiza sekunde ishirini za akiba, kama maji ya mwisho kwenye dumu. Jambo kubwa kuliko yote alilijua mwezi wa nne wa kutengwa. Katika dakika tatu, tishio si lazima liwe la kweli. Likiwa baya vya kutosha machoni, mwenzako atasimama kulichunguza, na sekunde nane zake zitakwenda. Akaacha kuwinda wafalme, akawa anawinda muda. Alama zake zikapanda kutoka mia tisa hadi elfu moja mia saba, na Fisi akaanza kupigwa mchezo mmoja kati ya miwili. Fisi hakununa. Aliandika tu, "Kaka, sasa wewe unauma."

Mwezi wa nane shule moja ya binafsi ya Babati ilitangaza mashindano ya mkoa. Michezo ya mchujo ingechezwa mtandaoni, wanane wa juu wangekuja Babati kucheza ana kwa ana, dakika tatu kila mmoja, na mshindi angepewa kazi ya kufundisha klabu ya chesi ya shule, pamoja na chumba. Marieta alisoma neno hilo la chumba mara nyingi. Chumba chenye majirani ukutani, na bomba moja ambalo wanawake wote wanapanga foleni. Alicheza mchujo, akamaliza wa tatu.

Mama mkwe wake alimsikiliza akiwa umbali wa hatua zake kumi. Alimuuliza kama wazee wamesema basi. Marieta akajibu kwamba hawajasema, lakini kule Babati hakuna anayemjua. Mectilda akaisogelea sahani, akainama. Kisha akasema kwamba hajamwona akiondoka, na akaenda zake na sahani tupu, ameishika kwa jani la mgomba.

Basi la Katesh hadi Babati lilijaa, na watu wakamgusa kwa mabega bila kujua. Alikaa ameficha mikono ndani ya shuka njia nzima.

Mashindano yalifanyika kwenye bwalo la shule, meza nne, kila moja na saa yake ya mchezo, wazazi na wanafunzi kwenye mabenchi. Msimamizi alikuwa Bi. Perpetua, afisa michezo aliyehamishiwa Manyara kutoka pwani, mwanamke mchangamfu aliyewaita wote "wanangu". Marieta alipita raundi ya kwanza na ya pili. Wapinzani wake wote wawili walikuwa wageni, mmoja wa Singida, mwingine wa Moshi, na kila mmoja alikaa, akabonyeza saa, akacheza. Hakuna aliyemtazama mikono.

Kwenye fainali alikaa mbele yake mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alisoma karatasi ya majina iliyobandikwa ukingoni mwa meza, akainua uso.

"Nyuki ni wewe?" akasema. "Mimi ndiye Fisi wako. Theodory, mwalimu wa hesabu, Mbulu. Na miezi yote hii nakuita kaka."

Akanyoosha mkono akicheka.

Naye Marieta akarudisha wake nyuma.

Hakufikiria. Ni mwili uliofanya hivyo, miezi mitano ya kujifunza. Mkono ulirudi ndani ya shuka kabla hajaukataza, na alipotaka kuutoa tena alikuwa ameshachelewa, kwa sababu Theodory alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, na kicheko chake kilikuwa kimeshaanza kupungua.

Akainama, akauliza kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao, "Ni mume au mtoto?"

"Mtoto. Alikuwa ananyonya."

Theodory aliurudisha mkono wake polepole, kama mtu asiyetaka kumwaga kitu. "Pole sana, dada," akasema. "Mimi sina shida na mambo hayo. Ila mke wangu ana mimba ya miezi minane." Akafuta kiganja kwenye suruali ingawa hakikuwa kimegusa kitu. "Tucheze tu."

Bi. Perpetua akapiga makofi mara moja, na Marieta, aliyekuwa na kete nyeupe, akasogeza askari wake wa kwanza.

Hatua ya nne Theodory alikuwa na nafasi ya kula katikati ya ubao. Kwenye simu angekula kabla hujapumua. Akapita pembeni. Hatua ya nane Marieta alimla farasi wake kwa askofu, akisubiri askofu aliwe kama ilivyo kawaida, na Theodory akasogeza ngome. Marieta alitafuta mtego sekunde sita nzima, na hakuuona, kisha akamtazama mwenzake na kuona kwamba anatazama kete nyeupe, siyo ubao. Hapo akaelewa. Kula kete ni kuishika. Kila kete nyeupe ilikuwa imepita mikononi mwake alipozipanga.

Fisi hawezi kula.

Lilikuwapo jambo la kusema, na alikuwa nalo mdomoni. Angeweza kumwambia, wewe taja tu, mwalimu, kete zangu nitaziondoa mwenyewe. Msimamizi angekubali. Wangecheza chesi ya kweli, na pengine angeshinda, maana siku hizo alikuwa anashinda mchezo mmoja kati ya miwili. Pengine. Alikiona kisiki, na sahani juu yake, na mama mkwe akirudi kinyumenyume. Alikiona chumba. Saa yake ilisema dakika moja na sekunde kumi.

Hakusema kitu. Aliacha kete zake wazi moja baada ya nyingine, na Theodory akazizunguka, akirudi nyuma, akibanwa, mfalme wake amejificha kona akiwa amezibwa na askari wake mwenyewe na ngome yake. Akabakiwa na sekunde arobaini na tano. Ndipo Marieta akamchukua malkia, akamtembeza ubao mzima, akamweka ubavuni kabisa mwa yule mfalme, bila kete yoyote ya kumlinda. Akabonyeza saa.

Ilikuwa hatua ya kijinga. Mtoto wa darasa la nne angeiona. Mfalme ametishwa, na hatua halali zilikuwa mbili tu, mfalme amle malkia, au ngome imle. Kumla, na mchezo umekwisha, Marieta ameshindwa.

Mkono wa Theodory ulikwenda, ukasimama juu ya malkia upana wa vidole viwili. Alivuta kikono cha shati mpaka kwenye vidole, akakiachia. Sekunde thelathini. Jasho lilimtoka chini ya sikio.

"Dada," akasema taratibu. "Mwondoe."

Marieta alitazama saa. Alikuwa ameiona sura ya namna hiyo mara moja tu maishani, yake mwenyewe, kwenye kioo cha dirisha la zahanati. Alitazama saa mpaka sifuri zikajipanga upande wa Theodory.

Bi. Perpetua akauinua mkono wa Marieta juu, mkono wa kwanza kumshika tangu mwezi wa tatu, wa joto na wenye pete, na Marieta hakusikia furaha aliyoifikiria. "Mwalimu, malkia alikuwa bure kabisa," Bi. Perpetua alisema akicheka. "Kwa nini hukumla?"

"Sikumwona," Theodory akajibu.

Alisema uongo ili kumfichia, na uongo huo haukumfaa mtu, kwa sababu bwalo zima lilikuwa limeuona mkono wake. Mzee mmoja kwenye benchi la mbele, Gidamis, aliyemleta mwanawe Emilian kugombea nafasi ya tatu, alisimama. Ubao ule wa meza ya mbele ndio uliotakiwa kwa mchezo wa Emilian. Emilian alikuja mpaka kwenye meza, akatazama kete, akamtazama baba yake, akarudi kukaa. Mama mmoja aliwaita watoto wake wawili. Mabenchi yakaanza kusogea, na kwa kuwa ni watu wa adabu, yalisogea bila kelele.

Marieta alizikusanya kete zote thelathini na mbili mwenyewe, za kwake na za Theodory, akaziweka ndani ya boksi. Hakuna aliyemsaidia. Bi. Perpetua alikuwa bado anauliza watu kuna nini.

Mkuu wa shule, mtu wa Iringa, alimwita ofisini na kumkaribisha kiti. Alimsifu sana. Alisema yeye binafsi haelewi mila za huku, ila watoto nusu ya shule ni wa huku, na wazazi wawili wameshampigia simu kutoka getini. Klabu inaanza Jumatatu, na kwa kweli haiwezi kusubiri mwaka. Wataona wampe nani. Alimwandikia cheti kwa mkono mzuri. Marieta alipotaka kumrudishia boksi la chesi, mkuu wa shule alisema abaki nalo, liwe zawadi, na akafungua mlango yeye mwenyewe.

Alirudi Balangdalalu kesho yake. Mectilda hakumuuliza. Lakini kwenye kisiki Marieta alikuta boksi halina pa kukaa pamoja na sahani, akaweka boksi juu na sahani chini, na kuanzia siku ile mama mkwe wake aliweka sahani mbali zaidi, kwenye majani.

Wiki nne Fisi hakuonekana. Kitone cha kijani mbele ya jina lake kilikuwa kimezimika, na Marieta alikitazama asubuhi, mchana na jioni, bila kucheza na mtu mwingine. Alihesabu wiki za mke wa mtu asiyemjua. Alisema rozari, kisha akashindwa kujua anaomba kama nani.

Siku ya thelathini kitone kiliwaka. Mwaliko ukaja, dakika tatu. Chini yake maneno matatu: "Wa kike. Salama."

Marieta alishika simu kwa mikono miwili mpaka kioo kikafifia, akakiamsha tena. Alitaka kuandika, na kila alichoandika alikifuta. Akakubali mwaliko.

Theodory alicheza kama zamani. Hatua ya nne alikula katikati, hatua ya saba akala farasi, akala askofu, mtafunaji yule yule. Hatua ya kumi na mbili Marieta alimchukua malkia wake, akamtembeza ubao mzima, akamweka ubavuni mwa mfalme wa Theodory, bila mlinzi, akasubiri.

Fisi alimla papo hapo.