Mizizi ya Meno ya Elwood Kivela

Wazamiaji walipoopoa fuvu kutoka Ziwa Superior, polisi walimpelekea daktari wa meno, Dakta Solveig Brekke. Walidhani ni la Elwood Kivela, aliyetumbukia barafuni zamani, Solveig akiwa bado msichana, na mwili wake haukupatikana; picha za meno yake zilibaki katika kliniki aliyoachiwa na baba yake.

Solveig alipiga eksirei meno ya juu, akalinganisha. Picha hazikuoana. Katika picha ya zamani, yenye alama ya kidole cha baba yake pembeni, mizizi ilikuwa mirefu kupita kiasi. Katika fuvu ilikuwa ya kawaida. Alikuwa karibu kuwaambia polisi kwamba si Elwood, ndipo akakumbuka kwamba kiti cha baba yake kilikwama juu, mtambo wa eksirei haukuweza kuinuliwa vya kutosha, mzee akawa anapiga ukiwa umelala. Mtambo ukilala mno, jino hurefuka pichani; ukiinuka mno, hufupika.

Akaulaza kama mzee, akapiga tena. Mizizi ikarefuka, na mzizi wa chonge wenye ncha iliyopinda ukakaa sawasawa juu ya ule wa picha ya zamani. Alikuwa Elwood.

Akaenda kumwambia Aune, dada wa marehemu. Aune alimcheka palepale mlangoni.

"Umechelewa, mwanangu. Elwood karudi Jumapili. Huyo hapo jikoni."

Kweli, mtu akageuka. Sura ileile, hana hata mvi.

"Solveig wa mzee Brekke! Umekuwa mama mzima! Mbona umenikodolea macho?"

"Njoo kliniki nikupige picha," Solveig alisema.

"Picha ya nini tena?" Aune akadakia.

"Mwache, dada. Anataka kunihesabu meno. Twende."

Kitini mtu yule alifunua kinywa, na pumzi iliyotoka ilikuwa ya baridi kama ya friji. Solveig alipiga mtambo ukiwa umelala, akapiga akiwa ameuinua, akapiga kutoka ubavuni. Kwenye kompyuta picha zote zilikuwa zilezile, sawa na ile ya zamani. Mizizi mirefu ileile, haikufupika, haikusogea. Pembeni palikuwa na alama ya kidole ambayo baba yake aliiacha kwenye filamu miaka ile.

"Zimetoka?" yule mtu aliuliza.

"Zimetoka."

Solveig aliwathibitishia polisi kwamba fuvu ni la Elwood, likazikwa. Aune hakuhudhuria. Solveig alipompigia simu, alijibu kwa furaha:

"Zikeni wenu. Mimi wangu ninaye."

Nyuma yake mwanamume aliuliza, "Ni daktari? Mwambie nitakuja tena."

Solveig akakata simu, akaenda kufunga mlango wa kliniki kwa ndani, ingawa ilikuwa mchana na wagonjwa walikuwa wakisubiri nje.