Kuku wa Mkuu na Taya la Dudumizi

Mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Kristofa, naye alijiruhusu kufuga kuku wa kisasa nyuma ya nyumba yake. Mshahara ulikuwa mdogo na ruksa ilikuwa kubwa, hivyo hatukumlaumu. Sisi wa bwenini tuliwaheshimu kuku wale kama tulivyoiheshimu bendera, ingawa bendera haikuwahi kututoa mate.

Jumamosi moja jogoo mkubwa kuliko wote akatoweka. Mwalimu Joakim wa nidhamu akapekua bweni zima, na chini ya kitanda changu akavuta kopo lenye mafuvu matatu ya ndege, meupe, bila chembe ya nyama.

"Elia," alisema, akilitikisa kopo kama kengele ya misa, "jogoo wa Mkuu alikuwa mtamu?"

"Sijui, Mwalimu. Hayo ni mafuvu ya kekeo na ndugu zake. Mali ya klabu ya baiolojia."

"Aha! Na yule mbuzi wa juzi, aliyeingia ofisini amevaa tai yangu shingoni, naye alikuwa mwanachama wa klabu?"

Aliyemvika mbuzi tai hajulikani hadi leo. Hata hivyo, mchana uleule nilisimamishwa mbele ya kamati ya nidhamu, na adhabu iliyotajwa ilikuwa moja tu: kufukuzwa. Baba yangu, mkulima wa pamba kule Kasoli, alikuwa amemuuza maksai wa plau ili nirudi shule muhula ule. Nikifukuzwa, yule maksai ndiye nitakayekuwa nimemla kweli.

Madam Felisita, mwalimu wetu wa baiolojia, alinitetea. "Mkuu, ndege hao tuliwaokota wamekufa. Vichwa tuliviweka kwenye shimo la sisimizi, wakavisafisha."

"Vitatu?" Mkuu akachagua fuvu kubwa. "Hiki je? Kinalingana na cha jogoo wangu, na mdomo umepinda. Fuvu ni fuvu, Madam."

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nilisimama wima kama wakili.

"Waheshimiwa, hili dogo ni la kekeo, yule anayetaga kwenye viota vya mnana na kuwaachia malezi. Mdomo wake mwembamba. Hili la kati ni la yule ndege wa kijivu mwenye kishungi, anayewazomea wachunga ng'ombe. Mdomo mfupi, mnene. Na hilo mkononi mwa Mkuu ni la dudumizi, anayelia mvua ikikaribia. Lakini ushahidi haupo mdomoni. Upo nyuma ya taya la chini. Taya la kuku hupita bawaba yake likaendelea nyuma, kama mkia uliopinda kwenda juu. Hawa watatu hawana mkia huo."

"Nani kasema?"

"Mifupa, Mkuu. Ila kamati haiwezi kuridhika bila kulinganisha. Tunaomba kuku."

Walimu wakatazamana.

"Kuku gani?" Mkuu aliuliza polepole.

"Yeyote, Mkuu. Ila hapa karibu hakuna wengine isipokuwa wako."

"Mnamwona!" Mwalimu Joakim akaruka. "Anataka kumla wa pili!"

"Bila kulinganisha," alisema Madam Felisita, "tutamfukuza mtoto wa watu kwa kubahatisha. Wakaguzi wakiuliza, nitawajibu hivyohivyo."

Mkuu alifumba macho kama anayesali. "Mwambieni mpishi, Mzee Mahona, amchinje yule anayechechemea."

Tulisubiri. Hatimaye mpishi akaingia na kichwa cha kuku kwenye sahani, kikifuka mvuke. "Ng'wanawane, mwanangu," alininong'oneza, "mfupa wako usituaibishe. Huko jikoni nimeshatia vitunguu."

Nilimenya nyama kwa vidole, nikatoa taya la chini na kuliweka mezani kando ya la dudumizi. Mkia ulikuwepo, pande zote mbili, mrefu, umepinda juu kama pembe ya ndama. La dudumizi liliishia bawabani, butu kama kisigino.

Mkuu alivaa miwani. Akapitisha kidole gumba kwenye taya moja, kisha jingine. Akarudia.

"Labda aliikata hiyo mikia!" alisema Mwalimu Joakim.

"Basi Mwalimu atuonyeshe palipokatwa," nikajibu kwa adabu zote.

Alitafuta. Aliyapeleka mataya yote matatu ya kopo langu dirishani, akayageuza hadi jasho likamtoka. Nyuma ya kila taya palikuwa laini, bila alama ya kisu.

"Elia hana kosa," Mkuu akatamka. "Na taya hili la kuku libaki maabara."

Nje, chini ya dirisha, bweni zima lililokuwa limejibanza kusikiliza lililipuka kwa vigelegele. Mzee Mahona akaleta sufuria, maana kuku mwenye vitunguu hangojei mtu. Mkuu akaamuru mshitakiwa naye ale. Mwalimu Joakim ndiye aliyepakua, akanipa shingo.

"Paja, Mwalimu," nikasema.

Akamtazama Mkuu. Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nikapewa paja.