Propela ya Kumi na Moja

Watu walipoanza kumwita Konokono, nahodha wa boti ya zahanati alicheka nao. Kicheko kilimkauka Jumatatu, alipopewa barua ya kamati: ifikapo Ijumaa aikabidhi boti kwa mkwe wa mwenyekiti, maana "imemshinda na mkono wake ni mzito."

Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitupia ndani ya boksi la spana. Mzito! Miaka sita ya kuvusha wagonjwa kwenda hospitali ya ng'ambo haikutajwa hata kwa nukta. Mkono uliomvusha mama mzazi wa mwenyekiti na presha yake, leo ndio mzito.

Chanzo chenyewe kilikuwa gogo. Propela ya zamani iligonga gogo ikameguka ubawa, na mwenyekiti akaenda mwenyewe dukani kutafuta nyingine. Iliyovunjika ilikuwa na namba kumi na moja. Yeye akarudi na ya kumi na tano, ameikumbatia kama kombe la ushindi. "Namba kubwa ndiyo mwendo," akatangaza. Mkwe wake akaijaribu siku hiyo hiyo, peke yake ndani ya boti, na kweli boti ikaruka, watu wakapiga makofi. Nahodha alisema kujaribu boti tupu si kujaribu. Nani amsikilize? Wakasema ana wivu.

Ikaja siku ya kumvusha mjamzito mmoja. Alipakiwa yeye, mama yake, ndugu zake wanne, nesi, kitanda, mitungi ya oksijeni na maboksi. Nahodha akazungusha mkono wa mafuta hadi mwisho. Pua ya boti ikanyanyuka, mkia ukazama, injini ikaguna. Safari ya dakika arobaini ikawa saa moja na nusu, na mtoto hakuwa na subira hiyo. Akazaliwa katikati ya maji, juu ya koti la mvua la nesi. Alilia kwa nguvu, mzima wa afya. Nahodha naye alilia, kwa hasira, maana muda wote alikuwa akiitazama mita ya mizunguko: elfu tatu na mia tisa, haibanduki. Kitabu cha injini kilitaka, mafuta yakifunguliwa yote, mizunguko isipungue elfu nne na mia tano. Injini ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa imefungwa propela inayoilemea. Lakini lawama haikosi wa kumwangukia, na ilimwangukia yeye.

Ijumaa aliingia chumba cha mikutano cha zahanati na propela ya zamani kwapani, akaitua mezani, juu ya makaratasi ya katibu. Wajumbe tisa walikuwa wameshakaa. Mkwe alisimama mlangoni, miwani ya jua usoni, tayari kwa makabidhiano.

"Hii ni kumi na moja yetu," nahodha akasema. "Fundi wa kuchomelea ameujaza ule ubawa, akaupiga tupa mpaka ukalingana na wenzake. Naomba tuijaribu."

"Binti, tumekuja kupokea boti," mwenyekiti akasema. "Hatukuja darasani."

"Mwenyekiti, ile namba si nguvu. Ni urefu wa hatua. Kumi na tano inapiga hatua ndefu, kumi na moja fupi. Ukitwishwa gunia ukaambiwa upande mlima, utapiga hatua ndefu?"

"Mimi sibebi magunia."

"Najua. Ndiyo maana ukanunua ile."

Shangazi wa nahodha, mjumbe wa siku nyingi, alikohoa kuficha kicheko.

"Mbona mkwe alipoijaribu iliruka?" mhazini akauliza.

"Si ilikuwa tupu?" shangazi akadakia. "Debe tupu haliachi kuvuma."

"Haya, na huo mzigo wa kujaribia utatoka wapi?" mwenyekiti akasema.

Nahodha akawatazama mmoja mmoja. "Umeshakaa hapa."

Akaburuta mizani ya wagonjwa mpaka katikati ya chumba. Siku ya mjamzito alibeba kama kilo mia saba. Wajumbe na mkwe wao wakafika mia saba na ishirini, baada ya mhazini kuvua viatu na kudai apimwe upya. Kukataa kungeonekana ni woga, basi wote kumi wakavaa majaketi ya kuokolea wakajipakia.

Walianza na kumi na tano. Injini ikaguna vile vile, pua juu, mkia chini. "Mwenye mkono mwepesi aje," nahodha akasema. Mkwe akashika, akakamua, akakamua tena. Elfu tatu na mia tisa. Maji yakamrukia kwenye miwani, na akaurudisha mkono wa mafuta.

Wakarudi kwenye maji ya magotini. Nahodha akashuka, akainua injini, akachomoa pini, akafungua nati, akabadilisha propela. Hakumruhusu hata mmoja kushuka, asije mtu akasema mzigo ulipungua.

Safari hii injini haikuguna. Elfu nne. Elfu nne na mia sita. Pua ikashuka, mkia ukapanda, boti ikakaa juu ya maji na kushika mwendo. Elfu tano na mia moja. Shangazi akapiga kigelegele, na nahodha akajisikia kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mwenyekiti akajifuta uso. "Sawa, tumeona. Boti imepona. Ila barua ni barua, imeshapigwa muhuri. Hama hapo, mkwe wangu aturudishe."

Nahodha akazima injini. Walikuwa katikati kabisa. Boti ikasimama, ikaanza kuyumba.

"Katibu, akidi imetimia?"

"Imetimia," katibu akajibu kwa mazoea.

"Basi tupige kura hapa hapa. Barua yenu mliiandika hamjawahi kukaa humu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo mmekilalia. Anayetaka nishuke, anyooshe mkono."

Wimbi likaipiga boti ubavuni. Mikono yote ishirini ilikuwa imeng'ang'ania ukingo.

"Huu si ukumbi wa mikutano!" mwenyekiti akafoka.

"Wala si wodi," nahodha akasema. "Na mtoto alizaliwa hapo hapo ulipoweka miguu yako."

Mwenyekiti akatazama chini, kati ya viatu vyake. Akaivuta miguu pembeni, polepole. Mkono hakunyoosha.

"Katibu, andika. Wanaotaka nishuke: hakuna."

"Nitaandika tukifika," katibu akasema. "Sasa hivi sina mkono."

Nahodha akavuta kamba, injini ikashika, akawarudisha mwenyewe.