Boila Lililotaka Kukamuliwa

Wegesa alipanga kuni chini ya boila la loji, kule Ikoma, akawasha kwa majani makavu kama kila asubuhi. Maji ya wageni yalipoanza kupata moto, boila likalia tena kama jana. Meneja Ezra alishachoka kuwaomba radhi watu waliolipa ghali ili wasikie ndege, basi akampigia simu Yassini, fundi bomba wa Mugumu.

Yassini alifika na pikipiki, akamwamkia Wegesa shikamoo, akaanza kazi. Kwanza alitoa hewa kwenye bomba. Boila likalia. Akafungua mfuniko, akakwangua ukoko wa chokaa hadi jasho likamdondoka puani. Likalia zaidi. Akakaza kila nati, kisha akaketi juu ya ndoo, hoi.

"Mama, nimenyoosha mikono," alisema. "Hapa hamna ubovu."

"Ubovu uko wapi, fundi? Huyo ni ng'ombe wangu Mabaka. Nilikuwa nasikiliza tu nihakikishe."

Mfugaji hakosei sauti ya ng'ombe wake; labda atangulie kukosea ya shemeji yake. Mabaka alikufa kwa kiu kiangazi hiki hiki kwenye uzio wa loji, macho yakiwa kwenye chemchemi aliyoinywa tangu utoto wake. Loji ilipoizungushia uzio, maji yakaingia bombani, mifugo ikabaki nje. Mabaka aliacha ndama, na huyo ndama ndiye aliyemnyima Wegesa usingizi. Uji aliutema, mbavu zilihesabika, na zizini hapakuwa na ng'ombe mwingine wa kumnyonyesha.

"Sasa kinamliza nini?" Yassini aliuliza.

"Chuchu zimejaa. Tangu afe hajakamuliwa. Ungekuwa wewe usingelia?"

Wegesa akaiosha koki ya chini kwa maji ya vuguvugu, akaipaka samli, akachuchumaa na kupiga mluzi wa zizini. Boila likashusha pumzi. Maziwa yakatoka, ya moto, yenye povu, ndoo ikajaa. Yassini akainuka haraka, akatoa na ile aliyoikalia. Akasema bismillahi, akanywa kikombe kizima, akatoa hukumu kwamba maziwa ni mazuri ila yana moshi kidogo, kama ya kibuyu. Jikoni watu waligombea vikombe wakicheka, na mpishi akapika chai ya maziwa matupu. Boila likawa kimya.

Ezra alifurahi kuliko wote. Alijifuta povu mdomoni, akamwambia Wegesa awe anakamua asubuhi na jioni, na kila jioni abebe ndoo yake nyumbani.

"Asante sana, meneja. Na maji je? Kabomba kadogo tu ka kuyapeleka nje ya uzio, kwa ajili ya mifugo."

"Maji hapana, mama. Maji ni ya wageni," Ezra alisema kwa upole, akajiongezea chai.

Nyumba ya Wegesa imepakana na uzio. Jioni ile ndama alitumbukiza mdomo kwenye ndoo mpaka machoni, mkia ukizunguka, na Wegesa akapiga vigelegele peke yake uani, machozi yakimtoka kwa raha.

"Kunywa, mwanangu, kunywa. Ni ya mama yako hayo."

Ndani ya loji boila liliitika mara moja, taratibu. Ng'ombe wa kijiji wakapita kandokando ya uzio, wakielekea mto wa mbali kama jana.