Vitu Vilivyomfuata Bi Pasi

Saa ya daktari ilipotea Jumatatu asubuhi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, wakati Bi Pasi ananyoosha mikono ya makoti meupe na mvuke unampanda usoni. Daktari alikuja mwenyewe, akasema aliisahau mfukoni. Msimamizi, mwanamke ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa na haraka siku zote, akapekua mifuko, akapekua mashuka, akakoroga maji ya ndoo kwa mkono. Mwisho akamgeukia Bi Pasi, aliyekuwa bado ameshika koti.

"Wewe ndiye uliyelishika mwisho."

"Nimelishika, bosi. Lakini saa sijaiona."

"Kwa hiyo imeota miguu?"

Wenzake wakacheka kidogo. Daktari hakucheka, maana wagonjwa walikuwa wanamsubiri. Msimamizi alitaka mambo yaishe watu warudi kazini, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye kamba za kuanikia, "Basi mwizi ni huyu."

Jioni, Bi Pasi alipokuwa anarudi nyumbani, kijiko kilimfuata. Kilitoka kwenye kantini ya hospitali, kikaburuzika nyuma yake kando ya barabara, akisimama nacho kinasimama. Alipofika njia panda kilikuwa kimeungana na kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto, na mwavuli uliokuwa unatembea kwa ncha yake. Alivifukuza kama mtu anavyofukuza kuku. Vilirudi nyuma kidogo, halafu vikaja tena. Akaviruhusu viingie ndani, maana kuviacha vimejipanga mlangoni kungeonekana vibaya zaidi.

Asubuhi yake alidamka kwenda kuvirudisha. Mwavuli ulikuwa wa jirani wa mlango wa pili, mwanamke waliyekuwa wanaazimana naye chumvi tangu wahamie mtaa ule.

"Umekuja kwako?" jirani aliuliza.

"Umekuja."

"Ungeufukuza."

"Nimeufukuza, shoga yangu. Hausikii."

Jirani alifungua mwavuli, akaukagua njiti kwa njiti, akashukuru. Mchana akanunua kufuli. Jioni kufuli likaja kwa Bi Pasi pamoja na ufunguo wake.

Mtaani hakuna aliyeshangaa. Walisema mambo ya wezi ndivyo yalivyo. Walimkumbuka fundi viti mmoja wa sokoni aliyefuatwa na vitu vya watu mpaka akahama mji. Kule alikohamia vitu vilitulia mahali pake, akaoa, akapata wateja, mpaka siku binamu yake alipomtembelea na kumwita mwizi mbele ya watu, jina lile la sokoni, kwa utani tu. Kabla chakula hakijapakuliwa, sufuria ya mwenye nyumba ilikuwa imeshafika mlangoni.

Baada ya wiki chache fundi wa mashine alifungua bomba la maji machafu katika chumba cha kufulia, akaikuta saa ya daktari imefunikwa na nyuzinyuzi za nguo. Ilikuwa bado inatembea. Msimamizi aliisafisha, akaipeleka kwa mwenyewe, kisha akaja kusimama kando ya meza ya Bi Pasi.

"Saa imepatikana."

"Nimesikia. Basi, bosi, ungewaambia wenzangu."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mimi si mwizi."

Msimamizi akainama. Kitana kilikuwa kimetoka kwenye mkoba wake na kinatambaa taratibu kuelekea mguuni kwa Bi Pasi. Alikiokota, akakipangusa.

"Dada yangu, moyoni mwangu najua hukuiba. Lakini nisimame hapa niwaambie watu wewe si mwizi, huku kitana changu kiko mguuni pako? Wataniona sina akili."

Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na siku hiyo akamruhusu aondoke mapema.

Kisha mambo yakafika shuleni kwa binti yake. Kwanza ilikuwa penseli, baadaye rula ya mwalimu. Mwalimu alihamishia dawati la binti kwenye kona, peke yake, na binti akazoea kukaa mikono ikiwa juu ya dawati ili kila mtu aione. Kila kilichokuja alikirudisha. Jioni moja alirudi nyumbani amefumba kiganja. Mama yake alipokifumbua akakuta kifutio.

"Hiki mbona hukurudisha?"

"Hakikuja chenyewe, mama. Nimekichukua."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikirudisha wananiita hivyo hivyo."

Bi Pasi alikaa kitandani bila kuvua viatu. Hakumchapa. Alimshika mkono wakaenda pamoja hadi kwa mwenye kifutio. Mkongojo wa mtu uliwafuata kwenda na kurudi.

Wakati huo huo, kila Ijumaa, meneja wa hospitali alikuwa anachukua mashuka mapya. Gari lake lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma, wanawake wa chumba cha kufulia wakampangia mafungu, mlinzi akafungua geti na kupiga saluti. Mashuka hayo hayakujiendea yenyewe. Ilibidi yabebwe, tena ni mazito. Kazi hiyo haikuwa na jina baya. Iliitwa mzigo wa meneja.

Wodini wagonjwa wakaanza kulala juu ya magodoro matupu, ndugu zao wakalalamika, wakubwa wakauliza. Meneja akaita kikao, akasema kwa masikitiko kwamba mashuka yameibwa. Vichwa vyote vikageukia upande mmoja. Ikaamuliwa, bila ukali wowote, kwamba waende nyumbani kwa Bi Pasi wakasubiri mashuka yafike.

Walikwenda jioni, meneja, msimamizi na mlinzi. Bi Pasi aliwapa viti na chai, binti yake akakaa kwenye ngazi. Mlango uliachwa wazi. Likaja bakuli. Ikaja soksi moja. Ikaja miwani ya jirani, inapapasa njia kwa mikono yake miembamba. Kila kitu kilipotokea msimamizi aliinuka kidogo kwa matumaini, akakaa tena. Mashuka hayakuja.

Bi Pasi aliweka kikombe chini.

"Meneja, mashuka yako kwako. Nimeyabeba mwenyewe hadi garini. Na huyu amefungua geti."

Mlinzi akatazama viatu vyake. Msimamizi akatazama chai. Meneja hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Kama ni mimi, mama, mbona hakuna kitu kinachonifuata?"

Wote wakatazama miguuni kwake. Sakafu ilikuwa tupu, imefagiliwa vizuri. Ilibidi wakubali kwamba hapo amesema kweli.

Meneja akasimama kuaga. Kalamu yake ikachomoka mfukoni, ikateremka kwenye suruali, ikavuka chumba na kusimama kando ya kiti cha Bi Pasi. Meneja alikwenda kuiokota.

"Mnaona?" alisema kwa upole, akashukuru kwa chai, akatoka na mlinzi nyuma yake.

Msimamizi alibaki kuosha vikombe, ingawa hakuombwa. Akavisuuza mara ya pili, akaaga.

Binti aliingia na kuanza kutenganisha vitu vya watu juu ya mkeka. Bado hawajamaliza, hodi ikapigwa. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, anakunja uso kwa kutoona vizuri.

"Miwani yangu imefika?"

"Imefika, shoga. Karibu ndani, chai bado ina moto."

"Nitasubiri hapa hapa," jirani alisema, akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.