Kipimo cha Fundi Friji

Wakati wa vita, askari wa kizuizi cha barabarani cha Nakaloke walimnyang'anya fundi friji kipimo chake cha gesi. Kililia kila kiliponusa gesi ya friji iliyovuja, au Jiki ya kufulia nguo nyeupe. Wao waliamini kinanusa baruti.

Asubuhi moja kililia kwenye shati la kaka yangu Burhan.

"Mwasi huyu hapa!" afande akacheka.

"Ni Jiki, afande," Burhan alisema. "Shati lilifuliwa jana tu."

"Nani alifua? Tumpime na yeye mikono."

Mikono yangu ilikuwa bado inanuka Jiki. Niliificha ndani ya leso. Burhan alinitazama mara moja tu.

"Nilifua mwenyewe," alisema.

Walimpandisha lori, na hakurudi. Mama bado anaamini kwamba siku ile sikuwapo.